Treni ilifika kwa tarehe, Al Twar ikasubiri miaka miwili

*Metro ya Dubai, reli za kisasa (SGR) za Afrika Mashariki na boma la Kibaha vina ugomvi mmoja: mawanda, muda na gharama. Makala haya yanaeleza maneno ya msingi ya usimamizi wa miradi na nani huumia yasipoeleweka.*

DUBAI. Saa tatu na dakika tisa usiku wa Septemba 9, 2009, Mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, alizindua metro ya mji wake. Tarehe tisa, mwezi wa tisa, mwaka wa tisa. Siku hiyo ilitangazwa mapema, dunia ikaambiwa, na Mamlaka ya Barabara na Usafiri ya Dubai, RTA, haikuisogeza hata kwa siku moja.

Ila kati ya vituo 29 vya Mstari Mwekundu, vilivyokuwa tayari kupokea abiria ni 10.

Wakazi wa Al Twar hawakupata kitu usiku ule. Mtaa wao uko upande wa Deira, kati ya uwanja wa ndege wa kimataifa na Al Qusais, si mbali na mpaka wa Sharjah. Reli inayopita jirani nao ni Mstari wa Kijani, wenye vituo vya Al Qusais, Dubai Airport Free Zone na Al Nahda. Mstari huo ulipangwa kufunguliwa Machi 2010. Ulizinduliwa Septemba 9, 2011, na vituo vya Creek na Al Jadaf vikabaki vimefungwa hadi Machi 2014.

Je, metro ilimalizika kwa wakati? Aliyeisimamia atasema ndiyo, na picha za uzinduzi anazo. Mkazi wa Al Twar aliyeendelea kusubiri basi kwenye joto la Agosti 2010, na la 2011 pia, atasema hapana. Wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa mmoja anapima tarehe ya uzinduzi na mwingine anapima kazi iliyoahidiwa.

Mhariri aliponipa kazi ya kuandika juu ya istilahi za usimamizi wa miradi, niliona hapa ndipo pa kuanzia. Katika mitaa hii ya Al Twar, Al Qusais na Al Nahda wanaishi au kufanya kazi Wakenya, Watanzania na Waganda wengi: walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, wauguzi, wahasibu, wafanyakazi wa ndani. Wengi wao wana mradi nyumbani. Kuna mwenye kiwanja Kibaha, mwenye msingi Kitengela, mwenye boma Mukono ambalo picha zake huja kwa WhatsApp kila Ijumaa. Wanachogombana na mafundi wao ni kile kile RTA ilichogombana nacho kwa mabilioni.

Mradi una mwisho

Taasisi ya Usimamizi wa Miradi, PMI, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, inaueleza mradi kuwa ni kazi ya muda, yenye mwanzo na mwisho, inayoleta kitu ambacho hakikuwapo. Kujenga reli ni mradi. Kuendesha treni kila siku ni uendeshaji, na uendeshaji una bili zake: umeme, vipuri, mishahara, usafi.

Kwetu tofauti hii hupuuzwa sana. Mtu husema ana mradi wa kuku, kumbe alichonacho ni biashara ya kuku. Mradi ulikuwa banda, maji, na vifaranga wa kwanza kuingia. Akishapiga hesabu ya banda peke yake, huishiwa fedha wiki ya tatu, chakula cha kuku kinapoanza kumdai. Nyumba ya kupangisha ni hivyo hivyo: bajeti huishia kwenye rangi, wakati mita ya umeme, shimo la maji taka na mlinzi wa usiku havikuandikwa popote.

Kabla ya jembe la kwanza huja upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama jambo lenyewe linafaa, linawezekana na litajilipa. Kisha andiko la mradi, linalosema nani ndiye mwenye mradi, nani msimamizi, fedha zinatoka wapi na mamlaka ya kila mmoja yanaishia wapi. Kwa nyumba ya Kibaha andiko hilo ni ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo ungeokoa undugu mwingi, maana shemeji aliyepewa kazi ya kusimamia asingekuwa pia mnunuzi wa saruji, mlipaji wa fundi na mkaguzi wa nafsi yake.

Mawanda, muda, gharama

Haya matatu ndiyo moyo wa somo zima. Mawanda ni kile kitakachofanywa na, la muhimu zaidi, kile kisichofanywa. Muda unajulikana. Gharama inajulikana. Ukigusa kimoja, kingine lazima kisogee. Ukikataa visisogee, ubora ndio unaokatwa kimyakimya, na utaujua mvua ya kwanza ikinyesha.

Metro ya Dubai inaonyesha jambo hili waziwazi. Mkataba wa kusanifu na kujenga ulitolewa mwaka 2005 kwa muungano wa kampuni za Japani na Uturuki: Mitsubishi Heavy Industries, Mitsubishi Corporation, Obayashi, Kajima na Yapi Merkezi. Ujenzi ulianza Machi 2006. Makadirio ya jumla yalikuwa takriban dirham bilioni 15.5. Hadi treni ya kwanza inaondoka, hesabu ilikuwa imefika takriban bilioni 28, na RTA ilieleza kuwa sababu kubwa ni kupanuliwa kwa kazi na kubadilishwa kwa usanifu.

Kwa hiyo Dubai ilichagua. Tarehe ilikuwa haiguswi. Gharama iliachiwa ipande, na mawanda ya siku ya uzinduzi yakapunguzwa hadi vituo 10. Al Twar ililipa sehemu yake kwa kusubiri.

> Dubai iliilinda tarehe. Gharama ilipanda kutoka bilioni 15.5 hadi takriban bilioni 28, na vituo 19 vikasubiri.

Sasa tazama nyumbani. Yapi Merkezi, kampuni ile ile ya Kituruki, ilitia saini mwaka 2017, pamoja na Mota-Engil ya Ureno, mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Pugu mwezi Aprili mwaka huo. Muda wa mkataba ulikuwa miezi 30, maana yake kazi ingeisha mwishoni mwa 2019. Abiria wa kwanza wa safari za kawaida walipanda treni Juni 14, 2024.

Mkandarasi mmoja, nchi mbili, tabia mbili. Tanzania haikufungua reli nusu. Ililinda mawanda, yaani reli ya umeme yenye stesheni zake zote, na muda ndio uliolipa. Wapo wanaosema huo ulikuwa uzembe na wapo wanaosema ulikuwa uvumilivu wa busara. Mimi naona kosa kubwa halikuwa kuchelewa kwenyewe. Kosa lilikuwa kuwatangazia wananchi tarehe baada ya tarehe bila kuwaambia ni kazi gani hasa imebaki. Mtu anayejua kilichobaki husubiri. Asiyeambiwa kitu hubaki na uvumi.

Kenya ilikwenda njia ya tatu. Reli ya Mombasa–Nairobi ilianza kujengwa mwishoni mwa 2014, ikazinduliwa Mei 31, 2017, kabla ya muda uliopangwa. Mawanda yalitimia na muda ukatimia. Kilichobeba mzigo ni gharama: shilingi bilioni 327, asilimia 90 ikiwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Kisha ahadi ya kufika Malaba ikakwama. Kipande cha Naivasha kilizinduliwa Oktoba 2019 na kikaishia huko kwa miaka.

Wahandisi wa pande zote tatu wakikutana, kila mmoja ana hoja ya kujitetea. Mtu wa Dubai atasema mji unaoishi kwa jina lake hauwezi kukosa tarehe uliyoitangazia dunia. Mtanzania atasema reli nusu ni hatari na ni aibu. Mkenya atasema bandari ya Mombasa haikuwa na muda wa kusubiri. Hoja zote zina uzito. Linalokosekana mara nyingi ni mwenye mradi kukaa chini kabla ya kusaini na kutamka wazi: kati ya haya matatu, hili ndilo sitalisogeza, na lile ndilo nitakalolisogeza mambo yakiharibika.

Kazi moja inayofunga nyingine zote

Mwaka 1957 kampuni ya kemikali ya DuPont nchini Marekani, ikishirikiana na Remington Rand, ilianza kutumia hesabu ya kutafuta mfuatano wa kazi ambazo zikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Kazi nyingine zina nafasi ya kupumua, hizi hazina. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1910, wasimamizi walikuwa na chati ya Henry Gantt, ile yenye mistari ya mlalo inayoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini. Chati hiyo huonyesha kalenda. Hesabu ya 1957 huonyesha pa kuwekea jicho.

Umuhimu wake ulionekana Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, lilipangwa kukamilika Juni 2022. Kujaza maji kulitakiwa kuanza Novemba 2021. Hakukuanza. Waziri wa Nishati wa wakati huo, January Makamba, alieleza kuwa mojawapo ya sababu ni kuchelewa kwa mtambo wa kubebea milango ya kuziba handaki la kuchepushia mto. Maelfu ya watu kazini, zege limemwagwa, mikataba ya matrilioni ya shilingi, na kila kitu kinasubiri winchi. Maji yalianza kujazwa Desemba 22, 2022, na mtambo wa kwanza wa umeme ukaanza kuzalisha mwaka 2024.

SGR ya Tanzania nayo ilikuwa na kazi yake ya aina hiyo. Ujenzi wa njia ulianza 2017, lakini mkataba wa vichwa vya umeme na treni zinazojiendesha kutoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini ulitiwa saini mwaka 2021. Reli isiyo na treni haibebi mtu. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe ya lini abiria wangepanda hata kama mataruma ya mwisho yangelazwa 2019.

Kwenye nyumba ya kawaida, kazi ya aina hii mara nyingi ni kibali cha ujenzi au hati ya kiwanja. Nimeona watu wakinunua mabati kwa sababu yako kwenye ofa, wakati mpaka wa kiwanja una mgogoro kwenye baraza la ardhi. Mabati yanapata kutu chini ya turubai, fedha imeshafungwa, na kazi ya kwanza kabisa bado haijafanyika.

Nani alipe mabadiliko?

Hapa ndipo mabishano makali yalipo, Dubai na nyumbani.

Mwenye mradi husema: nilikupa kazi nzima, malizia. Mkandarasi hujibu: ulichoniomba leo hakikuwa kwenye mkataba. Mikataba mingi mikubwa ya ujenzi hapa Falme za Kiarabu, na mingi ya Afrika Mashariki pia, hufuata vielelezo vya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa 1913. Chini ya vielelezo hivyo vya mwaka 1999, badiliko lolote huagizwa na mhandisi mshauri, hupimwa na kupewa bei. Mkandarasi anayedai fedha au muda wa ziada anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio lililomgusa. Akipitisha siku hizo, anaweza kupoteza haki yake yote.

Wakandarasi huona siku 28 ni mtego. Wako porini wanahangaika na mvua, na karatasi inawakimbiza. Wenye miradi huona ni kinga, kwa sababu bila kikomo mkandarasi angekuja na madai ya miaka mitatu iliyopita siku ya makabidhiano. Mimi niko upande wa kikomo. Deni linalotajwa mapema linaweza kujadiliwa, mawanda yakapunguzwa, tarehe ikasogezwa. Deni linaloibuka mwishoni huenda mahakamani.

> Badiliko lisiloandikwa na kupewa bei siku ile ile hurudi siku ya makabidhiano likiwa limekua.

Rudi Al Twar. Chukua mlinzi anayetuma dirham 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya vyumba vitatu. Mwezi wa nne anatuma ujumbe wa sauti: fundi, hicho chumba cha mbele sogeza ukuta kidogo, nataka sebule iwe kubwa. Mwezi wa tano: bwana fundi, weka na choo cha ndani chumba cha mtoto. Mwezi wa sita mke wake anaongeza kibaraza. Hakuna aliyesema bei. Hakuna aliyeuliza siku ngapi. Fundi anaitikia sawa bosi, kwa kuwa ndivyo fundi anavyoitikia.

Mwezi wa tisa fedha ya kupaua haipo. Mwenye nyumba anasema ameibiwa. Fundi anasema alifanya zaidi ya alichoahidi na anadai. Wizi upo, sikatai, na wapo waliotuma fedha miaka mingi wakakuta nyasi. Lakini nikisikiliza malalamiko haya yanavyosimuliwa, mara nyingi nasikia kwanza mawanda yaliyotanuka bila mtu kuyahesabu, na wizi huingia kupitia mlango huo, maana pasipo na orodha ya awali hakuna awezaye kuthibitisha kilichopungua.

Orodha hiyo si jambo la anasa. Mkadiriaji majengo huandika kila kitu: nondo ngapi na za unene gani, tofali ngapi, mifuko mingapi ya saruji kwa msingi, mingapi kwa lenta. Wenzetu wengi huona ada yake ni hasara. Ada hiyo ni ndogo kuliko kibaraza kimoja kilichoongezwa kwa ujumbe wa sauti.

Wadau wasioalikwa

Mdau ni yeyote anayeguswa na mradi, ajue au asijue. Kosa la kawaida ni kudhani wadau ni wale waliokaa meza kuu.

Agosti 2019 serikali ya Kenya iliagiza mizigo ya kwenda bara ipite kwenye SGR badala ya malori. Reli ilikuwa inahitaji mizigo ili ijilipe, na kwa karatasi agizo lilikuwa na mantiki. Mombasa ikaingia barabarani. Wenye malori, madereva, makuli, mawakala wa forodha, mama lishe wa Changamwe na wenye gereji wa Mariakani walikuwa wanaishi kwa mizigo ile. Maandamano yakafanyika Jumatatu baada ya Jumatatu. Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa, alirudisha shughuli za mizigo Mombasa.

Wahandisi waliijenga reli kabla ya muda. Hakuna aliyekaa na mama lishe wa Changamwe kumuuliza atakula nini reli ikianza kazi. Kwangu mimi hilo ni pengo la usimamizi wa mradi kama lilivyo daraja lililopasuka, na linastahili kuandikwa kwenye ripoti ya mwisho kwa uzito ule ule.

Kihatarishi kinachosafiri na dirham

Kihatarishi ni jambo ambalo halijatokea, linaweza kutokea, na likitokea litagusa mawanda, muda au gharama. Wasimamizi huviorodhesha vihatarishi, huvipima na kukipa kila kimoja mtu wa kukichunga.

Kwa aliyeko Al Twar kuna kimoja ambacho wachache hukiandika. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725. Haiyumbi. Shilingi huyumba. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Dirham 1,500 zilizokuwa zaidi ya shilingi 65,000 zikawa kama 53,000. Mshahara haujabadilika, jasho halijabadilika, ila shilingi elfu kumi na mbili za ujenzi zimetoweka kila mwezi, bei ya mifuko zaidi ya kumi ya saruji.

Aliyepanga bajeti yake kwa kiwango cha Januari huenda alimtuhumu bure ndugu anayemsimamia ujenzi. Dawa yake ni ya kawaida: panga bajeti kwa kiwango kibaya, si kizuri, na weka fungu la dharura ambalo haligusiki kwa tamaa ya malumaru.

Cheti au miaka ya kazi?

Ubishi mwingine unaosikika sana miongoni mwa Waafrika Mashariki wa hapa ni juu ya cheti cha PMP kinachotolewa na PMI tangu 1984. Dubai ni mji wa makandarasi na washauri, na matangazo ya kazi hukitaja mara kwa mara.

Masharti yake yanajulikana: saa 35 za mafunzo, na uzoefu wa kuongoza miradi wa miezi 36 kwa mwenye shahada au 60 kwa mwenye elimu ya sekondari au diploma. Mtihani una maswali 180, na Kiswahili hakimo katika lugha unazoweza kuufanyia.

Wanaokitetea wanasema kinawapa lugha ya pamoja na Mhindi, Mfilipino, Mmisri na Mwingereza walio kwenye chumba kimoja cha mkutano. Wanaokipinga, hasa mafundi wakuu waliosimamia majengo kwa miaka, wanasema wameona wenye vyeti wasiojua kusoma mchoro. Nawaelewa wote. Cheti hakimfundishi mtu zege linakauka kwa siku ngapi. Lakini msimamizi stadi asiye na maneno haya huachwa nyuma pale madai yanapoandikwa, na anayejua kuandika madai ndiye anayelipwa. Kijana mwenye uzoefu anayeishi jirani na maktaba ya umma ya Al Twar hana sababu ya kuogopa saa 35.

Linaloniuma ni kwamba maneno haya yanafundishwa kwa ada kubwa kwa wachache, wakati wanaoyahitaji zaidi ni wanakamati wa shule, wa zahanati na wa visima vijijini. Wao ndio wanaotia saini wasichokielewa. Mawanda, upembuzi yakinifu, hadidu za rejea, vihatarishi, makabidhiano: yote yapo kwa Kiswahili na hutumika bungeni kila kikao cha bajeti. Halmashauri zinaweza kuyafundisha kwa siku mbili kwenye ukumbi wa kata.

Tarehe mpya, macho mapya

Dubai sasa inajenga Mstari wa Bluu: kilomita 30, vituo 14, dirham bilioni 20.5, mkataba uliotolewa Desemba 2024 kwa Mapa na Limak za Uturuki pamoja na CRRC ya China. Tarehe ya kukamilika ni Septemba 9, 2029. Uganda nayo ilitia saini Oktoba 2024 na Yapi Merkezi mkataba wa reli ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa takriban euro bilioni 2.7, baada ya kusubiri fedha za China kwa miaka hadi ikavunja mkataba wa awali. Waganda wana haki ya kuiuliza serikali yao mapema: ikibidi, ni kipi kitasogezwa, tarehe, gharama au kilomita? Na treni zenyewe zitaagizwa mwaka gani?

Nawe unayesoma haya ukiwa umejiandaa kwenda dukani kutuma fedha ya mwezi huu, subiri kidogo. Mpigie fundi wako, kwa heshima, umwombe akuandikie kilichokwisha, kilichobaki, na bei ya kila ulichoongeza tangu mlipoanza. Mwambie kuanzia leo hakuna ukuta unaosogezwa bila bei na siku zake kuandikwa, na ninyi wawili kujibu "nimekubali" kwa maandishi. Kisha nenda katume fedha.